Ukumbi wa kifahari kwenye gemu usijengwe kwa shilingi za wanachama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wasomaji wengi wataliona dogo, lakini ambalo hapa Moshi na kwa jirani zetu wa Arusha limeanza kuharibu urafiki wa vijana na kuwatoa fedha mifukoni. Jambo hilo ni ujenzi wa kumbi za kifahari ndani ya michezo ya mtandaoni. Wachezaji wanaulizana kama kumbi hizo zinastahili gharama yake. Jibu langu nitalitoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue anapinga nini. Ukumbi wa kiasi, uliojengwa kwa jasho la wachezaji ndani ya mchezo wenyewe, unastahili. Ukumbi wa fahari uliojengwa kwa shilingi zilizotumwa na wanachama kwa simu haustahili, hata upendeze namna gani, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya waliochangia anayemiliki tofali moja la ukumbi huo.

Nasema haya nikiwa mchezaji wa siku nyingi, na nikiwa pia mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa kahawa. Mchana nashughulika na michango ya watu, jioni nacheza na vijana wengi walio rika la watoto wangu, na nimeona namna mambo hayo mawili yanavyogongana.

Kwa wasioifahamu michezo hii, nieleze kidogo. Wachezaji hujiunga katika makundi yenye jina, kiongozi na wasaidizi wake. Kwenye gemu za simu vijana huyaita klani, na kwenye michezo mikubwa ya kompyuta ni vyama kamili vyenye vyeo, ghala na masharti. Chama kikishakomaa, mchezo hukipa nafasi ya kuwa na makao yake, yaani ukumbi, kasri, kisiwa au mji mzima, ambamo wanachama hukutana, huweka mali ya pamoja, hupata huduma za mafundi na wachuuzi, na hutundika nyara za vita walivyoshinda. Makao hayo hayatolewi bure. Hununuliwa kwa sarafu za mchezo, hupanuliwa kwa mbao, madini na nguo ambazo wanachama wamezikusanya kwa muda mrefu, na katika baadhi ya michezo hupambwa kwa vitu vinavyouzwa kwa fedha halisi.

Mfano mzuri wa gharama hizo ni Guild Wars 2 ya kampuni ya ArenaNet. Nyongeza ya mchezo huo iliyotoka Oktoba 2015, iitwayo Heart of Thorns, ndiyo iliyoleta kumbi za vyama. Chama kilitakiwa kulipa dhahabu 100 za mchezo ili kiende kuukomboa ukumbi kutoka mikononi mwa maadui, na hiyo ilikuwa gharama ya kuingia tu. Baada ya hapo kila sehemu ilikuwa na bei yake: baa, karakana, soko, chumba cha vita, uwanja wa mapambano na mgodi. Kila hatua ya kuukuza ukumbi ilidai shehena ya malighafi, pamoja na madini maalumu ambayo mgodi wa ukumbi huyatoa kidogo kidogo kadiri saa zinavyokwenda, na alama za heshima ambazo chama huzipata kwa kazi za pamoja zenye kikomo cha kila wiki. Chama kimoja kinaweza kuwa na wanachama hadi 500. Hata hivyo bei ya baa ni ileile kwa chama cha watu 500 na kwa chama cha marafiki watano, kwa hiyo kila mmoja wa wale watano anabeba mzigo mara 100 ya ule wa mwanachama wa chama kikubwa. Vyama vidogo vililalamika tangu mwanzo, na mimi naona vililalamika kwa haki. Zaidi ya hayo, fani mpya ya uandishi, ambayo ndiyo inayotengeneza mapambo ya ukumbi, ilikuja kujulikana miongoni mwa wachezaji kuwa fani ghali kupita kiasi, kiasi kwamba vyama vingi vilimteua mwanachama mmoja na kumlisha malighafi za wote ili yeye aiinue kwa niaba yao.

Pamoja na malalamiko hayo, gharama ya namna hiyo siilaumu sana. Inalipwa kwa kucheza. Mwanachama anayeingia msituni kukata miti kwa ajili ya ukumbi anafanya kile alichokuja kukifanya, na wenzake wakiwa pamoja naye kazi hiyo inageuka kuwa ndiyo starehe yenyewe. Waliojenga kumbi hizo huzungumzia zaidi usiku waliokaa wakihesabu mbao zilizobaki kuliko kuta zilizosimama baadaye. Ujenzi unawapa watu sababu ya kurudi kesho, na chama kisicho na sababu ya kurudi kesho hufa hata kama hakina deni.

Jambo hilohilo linaonekana katika mchezo unaojulikana zaidi hapa kwetu kwa sababu unachezwa kwenye simu. Mwaka 2022 kampuni ya Supercell ya Finland iliongeza kwenye Clash of Clans mji mkuu wa klani, ambao wanachama wote huujenga kwa pamoja. Klani ina watu wasiozidi 50. Kila mmoja hufua dhahabu ya mji mkuu, huitia kwenye jengo analoona linafaa, na kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu klani nzima hushambulia miji ya wengine, kila mchezaji akiwa na mashambulizi matano au sita ya kutumia. Nimewasikia waendesha bodaboda wa stendi ya Moshi wakibishana na wenzao wa Ngarenaro kwa njia ya sauti za WhatsApp kuhusu jengo gani lipandishwe kwanza, kwa utulivu na hoja ambazo ningependa kuzisikia katika mikutano mikuu mingi niliyohudhuria. Kijana wa Pasua aliyezoea kunyamaza mbele ya watu anajifunza kutetea wazo lake, na anajifunza kushindwa kwa kura bila kununa. Hiyo ni faida halisi, na atakayesema kwamba kumbi hizi ni upuuzi mtupu atakuwa hajakaa karibu na wanaozijenga.

Hata hivyo jambo moja kuhusu mji huo wa klani sharti lisemwe. Dhahabu uliyotia hubaki katika mji siku unapoondoka. Kiongozi na wasaidizi wake wanaweza kumtoa mwanachama wakati wowote, na anayetolewa huondoka mikono mitupu. Sheria hiyo inavumilika pale kilichotiwa ni dhahabu ya mchezo iliyofuliwa kwa kubonyeza simu. Mambo hubadilika kabisa kilichotiwa kinapokuwa shilingi.

Kabla ya kufika kwenye shilingi, nizungumzie gharama ambayo wajenzi wengi huisahau, nayo ni ya kuutunza ukumbi ukishasimama. Katika Final Fantasy XIV ya kampuni ya Square Enix ya Japani, nyumba za vyama zilianza kupatikana Desemba 2013. Viwanja vina idadi maalumu. Kila mtaa una viwanja 60, na kiwanja kikubwa hugharimu makumi ya mamilioni ya sarafu za mchezo. Kwa sababu viwanja ni vichache kuliko wanaovitaka, kwa miaka mingi wachezaji walisimama saa nyingi mbele ya kibao cha kiwanja kilichoachwa, wakibonyeza tena na tena bila kujua saa ambayo mauzo yangefunguliwa, hadi Aprili 2022 kampuni ilipoleta bahati nasibu. Aliyefanikiwa kupata naye hana usingizi kamili, kwa kuwa nyumba ambayo haijaingiwa kwa siku 45 hubomolewa na kiwanja kupewa wengine. Kampuni huwa inasimamisha ubomoaji huo yanapotokea maafa makubwa, lakini maafa ambayo kampuni ya Japani huyasikia ni yale yanayowapata wachezaji wengi kwa wakati mmoja. Haitausikia mtihani wa kidato cha sita wa Moshi, wala kuitwa JKT kwa mujibu wa sheria baada ya mtihani huo, wakati ambapo nusu ya chama cha vijana inaweza kuwa kambini bila simu kwa miezi kadhaa. Nawaomba vijana wanaopanga kununua kasri kubwa wajiulize kwanza nani ataingia humo Juni na Julai.

Historia ya michezo hii imejaa majengo yaliyoanguka kwa sababu ya matunzo. Ultima Online, iliyoanza mwaka 1997, iliwaruhusu wachezaji kujenga nyumba mahali palipo wazi, na ardhi ikajaa haraka hadi hati za nyumba zikaanza kuuzwa kwa dola kwenye mnada wa eBay. Nyumba ambayo mwenyewe hakuitembelea ilichakaa hatua kwa hatua, na wageni walizunguka wakitafuta zilizokaribia kuanguka ili wagombanie mali iliyomwagika. Kubwa kuliko yote ni la EVE Online, mchezo wa vita vya angani. Januari 2014 muungano wa vyama ulishindwa kulipa ada ya kumiliki mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, ambao ulikuwa ngome yake. Wapinzani wakaingia, vita vikaendelea kwa saa 21 hivi, vikahusisha maelfu ya wachezaji, na meli 75 za daraja la juu kabisa, zinazoitwa Titan, zikateketea. Thamani ya kilichopotea ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani kwa kulinganisha sarafu za mchezo na fedha halisi. Yote yalianzia kwenye ada moja ambayo haikulipwa kwa wakati. Mhasibu yeyote akisoma habari hiyo atashikwa na baridi, maana anajua vyama vingapi vimeanguka kwa njia hiyohiyo bila meli hata moja.

Sasa nije kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo penye kidonda.

Chama kimoja chenye wachezaji wa Moshi na Arusha, ambacho sitakitaja, kilikuwa na ukumbi wa kawaida uliowatosha wanachama. Uongozi ukaamua kuupamba kwa vitu vinavyouzwa kwa fedha halisi: sanamu, mazulia, taa, bustani ya maji. Hapakuwa na mkutano wala kura. Ulitumwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp ukimtaka kila mwanachama atume shilingi 10,000 kwa namba ya simu ya kiongozi, na waliochelewa wakatajwa kwa majina mbele ya wote. Baada ya muda walishushwa vyeo, kisha wakatolewa mmoja baada ya mwingine. Miongoni mwa waliotolewa alikuwamo kijana anayeosha magari, ambaye karibu malighafi zote za karakana ya ukumbi ule alizikusanya yeye, akicheza usiku baada ya kazi kwa bando la bei nafuu la usiku. Nilipouliza daftari la michango liko wapi, nilijibiwa kwamba ile ni gemu, siyo SACCOS.

Jibu hilo limenikaa rohoni kuliko fedha yenyewe. Mtu anayepokea fedha za watu kwa ajili ya jambo la pamoja ameshakuwa mtunza hazina, awe amechaguliwa au amejiteua, na liwe jambo lenyewe ni kununua mbolea au ni kununua zulia la kuchorwa. Mji wetu, kuliko miji mingine ya nchi hii, haupaswi kuhitaji kufundishwa hilo. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilisajiliwa mwaka 1933, Chuo cha Ushirika kikaanzishwa hapa mwaka 1963, na leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Babu zetu waliouza kahawa kupitia vyama vya msingi walikatwa senti kwa kila kilo ili zijengwe maghala na ofisi, na walikubali kwa sababu walijua mambo fulani ya wazi. Makato yalipitishwa na mkutano. Yaliandikwa, na mwanachama aliweza kuuliza. Jengo lilikuwa la chama, na chama kilikuwa chao kwa hisa zao. Aliyejitoa alirudishiwa hisa zake kwa utaratibu uliomo katika masharti. Sisemi kwamba vyama vyetu havikuwahi kuibiwa, kwani vimeibiwa na watu wameshtakiwa. Lakini wizi uliitwa wizi kwa sababu kulikuwa na kanuni iliyovunjwa.

Ukiuweka ukumbi wa gemu mbele ya kipimo hicho, unaanguka katika jambo la umiliki kabla hujafika kwenye hesabu. Mikataba ya matumizi ambayo wachezaji huikubali bila kuisoma husema kwamba mchezaji amepewa ruhusa ya kutumia tu, na kwamba vyote vilivyomo ni mali ya kampuni. Siku kampuni ikifunga seva, ukumbi unatoweka pamoja na kila kilichomo. Star Wars Galaxies ilikuwa na miji iliyojengwa na wachezaji na kumbi za vyama vyao. Ilifunguliwa mwaka 2003 na kufungwa tarehe 15 Desemba 2011. City of Heroes ilikuwa na makao ya vikundi vya mashujaa ambayo watu waliyasanifu chumba kwa chumba kwa miaka. Ilifungwa tarehe 30 Novemba 2012. Watu walikusanyika usiku ule wa mwisho kuagana, na wengine walilia. Tatizo hili limeanza kuwashughulisha hata watunga sheria. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowalazimu wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mnunuzi waziwazi pale anapouziwa leseni na siyo umiliki. Huko Ulaya, baada ya kampuni ya Ubisoft kuzima mchezo wa The Crew mwaka 2024, wananchi walianzisha ombi rasmi la kutaka michezo iliyouzwa isizimwe kiholela, na kufikia Julai 2025 sahihi zilikuwa zimevuka milioni moja. Wenzetu wenye mahakama karibu na makampuni hayo wanapigania haki hiyo bila uhakika wa kuipata. Kijana wa Majengo aliyetuma shilingi 10,000 kwa namba ya kiongozi wake hana hata risiti.

Na tena, kijana huyo yuko chini ngazi mbili. Kampuni inamiliki ukumbi, kiongozi anashika funguo, na yeye aliyechangia anabaki na ruhusa ya kuingia ambayo yeyote kati ya hao wawili anaweza kuifuta. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mchango wa aina hiyo uitwe uwekezaji wa chama, kama viongozi wengi wanavyopenda kuuita.

Wapo watakaonijibu kwamba burudani hainunuliwi ili imilikiwe, na kwamba anayelipa kiingilio cha kutazama mpira katika Uwanja wa Ushirika hatoki na goli mfukoni. Hoja hiyo ni nzuri na nimeifikiria sana, kwa sababu mimi mwenyewe nalipia burudani na sioni haya. Lakini kiingilio cha uwanjani kina bei iliyobandikwa mlangoni, hukilipa mwenyewe kwa hiari yako, na jumapili usipokwenda hakuna anayekufukuza kwenye timu unayoishabikia. Mchango wa ukumbi wa kifahari hudaiwa mbele ya wenzako, kiasi chake hupangwa na mtu ambaye yeye ndiye mwenyeji wa ukumbi, na adhabu ya kutolipa ni kupoteza marafiki na kazi yote uliyokwisha kuifanya. Mtu mzima mwenye mshahara akitaka kulipamba kasri lote peke yake kwa fedha yake, na apambe. Sina neno naye.

Wengine humtaja Jon Jacobs, aliyenunua kituo cha burudani cha angani katika mchezo wa Entropia Universe mwaka 2005 kwa dola 100,000, akakiuza mwaka 2010 kwa vipande vilivyompatia jumla ya dola 635,000. Habari hiyo ni ya kweli na hupendwa sana na vijana. Wanaoitaja husahau kusema kwamba Entropia Universe imejengwa juu ya biashara ya fedha halisi tangu mwanzo, ambapo sarafu 10 za mchezo ni sawa na dola moja na zinaweza kutolewa nje, na kwamba Jacobs alikuwa akitoza kodi kwa wawindaji na wachimbaji waliotumia eneo lake. Alikuwa mwenye mali anayekusanya mapato. Mazulia ya ukumbi wa chama hayamtozi mtu chochote na hayauziki, na anayeyalinganisha na kituo kile anawadanganya wenzake, hata kama hajakusudia.

Inasemwa pia kwamba ukumbi mzuri huvuta wanachama wapya. Huvuta kweli. Mgeni akiingia akaona nyara na bustani hujua kwamba hapa pana watu makini. Lakini sijaona mgeni aliyebaki kwa ajili ya bustani. Hubaki akipata mtu wa kumwonyesha njia, wa kumsubiri anapokatika mtandao, wa kumwita kwa jina anaporudi. Tena upo ushahidi kwamba makao yaliyojitosheleza mno huwatenga watu. World of Warcraft ilipompa kila mchezaji ngome yake binafsi yenye karibu kila huduma, Novemba 2014, lalamiko kubwa lililofuata lilikuwa kwamba miji ya pamoja imekuwa mitupu, kila mmoja yuko kwake na hana haja na mwenzake. Ngome zile zilikuwa za mtu mmoja mmoja na siyo za vyama, lakini somo linatuhusu sisi tunaotaka ukumbi uwe na kila kitu ndani.

Kwa maoni yangu ukumbi unaostahili ni ule ambao chama kinaweza kuulipia kwa mapato yake ya kawaida ya mchezo, kikabaki na akiba ya kuutunza hata nusu ya wanachama wakiwa hawapo, na ambao sehemu zake zimechaguliwa kwa sababu zinatumika. Karakana inatumika. Ghala linatumika. Katika Final Fantasy XIV karakana ya chama hujenga nyambizi ambazo zikitumwa safarini huleta bidhaa za kuuzwa, kwa hiyo nyumba yenyewe husaidia kujilipia, na kazi ya kuijenga nyambizi huhitaji mikono ya wengi. Ningeanza hapo. Sanamu ya kiongozi langoni ningeiacha hadi wanachama wenyewe waiombe, na hata wakiiomba ningetaka ipigiwe kura kwa siri.

Ninachokiomba kwa viongozi wa vyama na klani za Moshi na Arusha kinawezekana wiki hii bila kusubiri serikali wala kampuni. Mwanachama asidaiwe fedha halisi kama sharti la kubaki. Michango yoyote ya hiari, iwe ya dhahabu ya mchezo au ya shilingi, iandikwe mahali ambapo kila mwanachama anaweza kusoma, pamoja na jina la aliyepokea na kilichonunuliwa. Ununuzi mkubwa upigiwe kura, na wanaoukataa wasiguswe. Aliyejenga kwa kazi yake asitolewe na mtu mmoja. Atolewe kwa uamuzi wa wengi, akiwa amesikilizwa. Walio chini ya miaka 18 wasiombwe fedha kabisa, kwani mara nyingi fedha hiyo ni ya nauli au ya chakula cha shule, na mzazi hajui.

Wazazi nao nawasihi wasikimbilie kuwanyang'anya watoto simu. Waulize tu klani ya mtoto ina kiongozi gani, na kama ameombwa fedha, amemtumia nani. Mtoto akikosa jibu la swali hilo la pili, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Kwa chama kile nilichokieleza, najua kwamba sehemu ya fedha zilizokusanywa bado haijatumika kununua chochote. Viongozi wake wanalisoma gazeti hili. Fedha hizo zirudishwe kwa waliozituma, kwa namba zilezile zilikotoka, wakiwemo waliotolewa, na yule kijana muosha magari arudishiwe cheo chake katika karakana aliyoijenga. Atakayependa kuchangia tena baada ya hapo achangie akiwa ameona daftari.

Wako,
Mhasibu na mchezaji,
Majengo, Moshi.